Nzuri ya Mlangoni

"Nzuri ni ya mlangoni, habari zenyewe ziko ndani." Methali hii ilianza hivi, na bahati yenu, wadogo zangu, mmemuuliza mwenye mali. Niliitunga mimi, Hiza, kwa kichwa changu, bila kusaidiwa na mtu. Msitazamane. Menyeni mihogo.

Miaka minne iliyopita, nikiwa nyumbani nasubiri barua ya chuo, alikuja katani kwetu mtafiti aitwaye Bi Nakijwa. Alibeba dodoso lililotungwa ng'ambo, maswali ishirini ya kupima hali ya moyo wa vijana. Unalala? Una hofu? Unaona mbele yako kuna kitu? Kata ambayo vijana wake wangeonekana wameelemewa zaidi ndiyo ingepewa mshauri wa vijana, akae pale zahanati. Mshauri mwenyewe mmoja, kata mbili: yetu na ya jirani.

Alitafuta wa kuyaleta maswali yale katika Kiswahili cha kwetu. Nani mwingine? Nikayaona makavu kama mkonge uliokwisha kuanikwa. Kijana wa hapa utamuuliza vipi, "Je, umekata tamaa?" kama askari? Nikayageuza yote yawe salamu. Habari za usingizi? Habari za moyo? Habari za kesho yako? Bi Nakijwa akayasoma, akasema kweli yana ladha ya nyumbani.

Nikapita nyumba arobaini kwa siku mbili. Hodi, karibu, habari za hapa, nzuri. Habari za shamba, nzuri. Nami siteremshi sauti, naunganisha humo humo: habari za usingizi, nzuri, habari za moyo, nzuri. Kalamu inakimbia, nyumba inayofuata.

Bi Nakijwa akazipanga zile karatasi mezani, akazipekua moja moja.

"Hiza, kata nzima hakuna hata mmoja aliyekosa usingizi?"

"Huku kuna hewa safi, dada."

"Basi mshauri ataenda kwa jirani. Ijumaa natuma majibu."

Hapo nikaiona karatasi ya kumi na saba. Ilikuwa ya Mwajabu, msusi, jirani yetu. Tangu afiwe na kaka yake, alikuwa ameufunga mlango wa saluni na hata kitana hakukigusa. Mama yake alikuwa ameanza kumficha visu. Na karatasi yake ilikuwa na nzuri ishirini, kwa mwandiko wangu.

Nikamwomba Bi Nakijwa twende. Mwajabu alikuwa anachagua maharage. Akatuingiza, akatupa vigoda, akatuletea maji. Tulikunywa. Hakuna aliyeuliza kitu. Maharage yalikuwa karibu kwisha kwenye ungo aliposema:

"Habari ni nzuri. Ila silali."

"Tangu lini?" aliuliza Bi Nakijwa.

"Tangu tumzike Kheri. Nikifumba macho naona kama ananiita, na mimi nataka kumfuata."

Nikashindwa kuvumilia. "Mwajabu, si nilikuuliza usingizi, ukanijibu nzuri?"

Akainama kwenye ungo. Na hapo ndipo mimi, wadogo zangu, nikamgeukia Bi Nakijwa, nikasema kwa utulivu mkubwa: "Nzuri ni ya mlangoni, habari zenyewe ziko ndani."

Bi Nakijwa akaahirisha kutuma majibu, tukaanza upya. Safari hii tulikaa, tukanywa maji ya watu, tukamenya nao, tukasubiri ile "ila". Tulichukua wiki tatu. Mshauri akaja kwetu, na Mwajabu akawa wa kwanza kubisha hodi kwake. Leo, kama mjuavyo, yuko humo ndani anamsuka shangazi yenu.

"Nani alisema?"

Sauti ilitoka nyuma ya mlango, kisha akatoka mwenyewe, kitana mkononi.

"Waeleze vizuri, Hiza. Nani alisema?"

"Tulikuwa wengi mle ndani."

"Tulikuwa watatu. Nilikwambia, 'Uliniuliza umesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Hata penye matanga mgeni hujibiwa nzuri, msiba huusikia akishakaa. Nzuri ni ya mlangoni.' Wewe ulikuwa unalia, hata maji yalikupalia."

Wadogo zangu waliacha kumenya.

"Na karatasi ya kwanza ilikuwa ya nani?" Mwajabu aliendelea, akiwatazama wao. "Aliijaza mwenyewe, nzuri ishirini. Barua ya chuo ilikuwa imeshafika mwezi mzima kabla, wamemkataa, ameificha chini ya godoro. Mama yake anaambiwa bado tunasubiri."

Nikatazama mihogo.

"Kaka Hiza," alisema yule mdogo kuliko wote, taratibu, "na siku hizi, habari zako?"

Jibu lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Mwajabu alisukuma kigoda kwa mguu hadi mbele yangu.

"Kaa kwanza," alisema. "Nzuri ni ya mlangoni, habari zenyewe ziko ndani."