Siwatu Amsifu Bosi Wake Mahakamani

Mashine ya kusokota kamba ilimkata Siwatu vidole viwili saa saba mchana, na kiwanda kikakataa kumlipa fidia. Bwana Kirobo, mwenye kiwanda, aliapa kwamba saa hiyo wafanyakazi walikuwa mapumzikoni, mashine imezimwa, na Siwatu aliiwasha mwenyewe kwa kuichezea. Baraza la migogoro ya kazi likamwamini. Siwatu akakata rufaa.

Siku ya rufaa Kirobo alikuja na matajiri wenzake wanne, waje kumwona akishinda tena. Siwatu alipowaona alifurahi moyoni, akasimama mbele ya majaji.

“Waheshimiwa, bosi wangu ni mkweli,” alisema kwa upole. “Na ana huruma huyo! Mapumziko anatupa saa nzima. Tukipitiwa na usingizi ananyata asituamshe. Tukimfokea, anatuomba radhi.”

Wale matajiri wakaangua kicheko. “Kumbe Kirobo ni yaya!” mmoja akasema.

Kirobo akaruka juu. Wakili wake alimvuta koti, wapi! “Mwongo huyu! Kwangu hakuna kulala! Siku hiyo nilisimama mwenyewe nyuma yake, nikamwambia chakula atakula kwao, mashine isizimwe!”

Jaji mmoja akamwomba Kirobo arudie polepole, karani aandike. Kisha akamgeukia Siwatu.

“Mama, una la kuongeza?”

“Sina, mheshimiwa. Bosi amenimalizia yote.”

Kabla ya saa sita, majaji walikuwa wameamuru alipwe fidia yake.