Nguzo za Mkwinda

Paukwa!

Pakawa!

Leo nina hasira, asinikatize mtu.

Hapo kale, bonde la Rufiji, watu waliishi mashambani juu ya madungu, vibanda vya nguzo ndefu, ili mto ukifurika maji yasiwafikie. Msichana Sikudhani alimpenda Mkwinda, na Mkwinda akajenga dungu la ndoa yao.

Siku moja Mzee Kinjumbi, baba yake Sikudhani, akaja kutazama. Dungu lake lilikuwa jirani.

"Refu mno. Mkwe hakai juu kuliko mimi. Kata!"

Mkwinda akakata. Adabu ilimfunga mdomo.

Kesho yake: "Bado refu. Kata!" Akakata.

Mara ya tatu: "Kata!" Akakata, nguzo zikabaki za kiunoni. Mzee mzima yule, na mvi zake zote! Sikudhani akaokota vipande, akavipanga juu ya dungu, moyo unamchemka.

Basi wakaoana, na masika yakaja. Mto ukavimba, ukafunika mpunga, ukafika kwenye sakafu yao. Na ndani ya maji likaja zimwi, mdomo wazi.

"Nipeni mmoja, niwaache wengine!"

"Baba, tushushie ngazi!" Sikudhani akalia.

Mzee akavuta ngazi yake juu. "Zimwi, mchukue huyo mkwe!"

Jamani! Baba huyo!

Sikudhani akamweka Mkwinda nyuma yake, akashika kipande cha nguzo.

"Baba alisema kata! Meza!" Likameza.

"Baba alisema kata! Meza!" Likameza.

"Baba alisema kata! Meza!" Kipande cha tatu kikasimama wima mdomoni. Zimwi halikuweza kufunga taya. Mto ukalimiminikia kooni, likavimba, likavimba, likapasuka. Maji yakapungua.

Basi mzee akashuka, anachekacheka. "Mwanangu, nilijua mtaliweza."

Sikudhani akampa shoka. "Dungu lako refu mno, baba. Kata!"

"Mwanangu..."

"Kata!"

Mkwinda akainamisha uso. Mzee akakata, machozi yanamtoka, hadi nguzo zikafika kiunoni.

Mkwinda akajenga upya, juu sana. Kila masika mzee alikuja kuomba kupanda. Walimshushia ngazi, lakini alikaa pembeni, na Sikudhani hakumsemesha.

Hadithi yangu imekomea hapo, hasira yangu bado. Wazazi, msiwapunguze watoto wenu ili nyinyi muonekane warefu.