Jiwe la Bi Mwanasha

Jiwe linalooza halifukizwi. Nyinyi mkitumwa dukani hamsikii, lakini bibi yenu akinong'ona methali jikoni, masikio hayo. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Shimoni palikuwa na mzamiaji jina lake Makame, aliyekamata samaki wa mapambo, wale wadogo wanaofugwa kwenye matangi ya vioo. Siku moja alizamia mzima, akarudishwa amebebwa. Alimwacha mkewe, Bi Mwanasha, na samaki wawili wa rangi ya chungwa kwenye tangi la sebuleni. Ndio waliokuwa wa mwisho kushikwa na mkono wake.

Bi Mwanasha hakulia. Eda nzima macho makavu, na majirani wakamsifu kwa moyo wa chuma. Aliwalisha wale samaki, akawapa na habari za mtaa.

Shemeji yake, Faki, akamletea jiwe la matumbawe liwe nyumba yao. Akalitia kwenye pipa la maji ya bahari uani, akamwambia akiwa nje ya pazia, "Shemeji, hili lina vijidudu matunduni, vingine hai, vingine vimekufa. Viache vilivyokufa vioze viishe. Maji nitabadilisha mimi. Likiacha kunuka lenyewe, ndipo tulitie tangini."

Likanuka jiwe, hata paka wa uani akahamia kwa jirani.

Ikafika siku ya kutoka eda, wakwe wako njiani kutoka Vanga. Bi Mwanasha akaona haya. Akalisugua lile jiwe, akawasha chetezo, akalifukiza udi kama bibi harusi, kisha akalitia tangini. Wageni walipoingia wakawasifu samaki, wakaisifu na nyumba yao.

Asubuhi maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki walielea ubavu, wote wawili.

Faki alipokuja, Bi Mwanasha alimwambia, "Lilikuwa halinuki tena."

"Wageni wananusa, shemeji. Samaki wanakunywa."

Bi Mwanasha akakaa sakafuni, akalia. Hakikuwa kilio cha samaki. Alimlia Makame, kwa jina, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Wanawake wakaja mbio na chupa ya marashi.

"Nyamaza, dada. Jikaze. Eda si imekwisha? Hebu jipake haya, wageni hawajaondoka."

Faki akawazuia mlangoni.

"Mwacheni amalize," akasema. "Jiwe linalooza halifukizwi."