Mashine ya Maji ya Bwana Mhando

Bwana Mhando, tajiri wa mtaa wetu, alileta mashine ya kuuza maji. Ndoo moja ilikuwa shilingi mia, na mashine ilikuwa na akili nyingi: ilijua kupokea sarafu ya mia mbili tu, ila kurudisha chenji haikufundishwa.

Siwema, muuza vitumbua, alipoteza mia kila asubuhi, mia ya chumvi na kiberiti. Akamfuata mwenye mashine.

"Bwana Mhando, chenji yangu iko wapi?"

"Dada, kilichoingia ni cha mashine. Kilichotoka ni cha mteja."

"Hata kikitoka kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na kikitoka kingi?"

Bwana Mhando akacheka. "Kikitoka kingi, kinga ndoo ukaoge."

"Basi andika ukutani, kina mama wasikusumbue tena."

Wazo lilimpendeza. Aliyaandika maneno yake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa.

Jumamosi, Bwana Mhando alipokuja kumwaga sanduku la sarafu, Siwema alitega ndoo chini ya bomba, akageukia foleni. "Mashine imeharibika. Sarafu yangu imekwama, maji hayatoki."

"Mashine hii? Imetoka Ulaya," alisema Bwana Mhando. Alitoa ufunguo, akafungua kijimlango cha sanduku la sarafu, juu ya bomba, ili kila mtu aone. Sarafu za wiki nzima zikaporomokea ndoo ya Siwema.

"Hizo ni zangu," alisema Bwana Mhando.

Foleni nzima ikamsomea ukuta.

Siwema akajitwika ndoo. "Asante, bwana. Naenda kuoga."