Jini wa Tao la Manzili

Enzi za Sultani Ghaithi bin Rashadi, aliyeutawala mji wa Manzili kwa haki siku aliyoshiba na kwa hasira siku nyingine zote, palikuwa na mwashi jina lake Vuai bin Mkadamu, na mwashi huyo alikuwa na binti mmoja tu, Mize, wala hakuwa na kingine duniani. Nisikilizeni vizuri, maana sirudii.

Sultani alitamani ghala la mawe uani mwa kasri yake, la kuwekea tende na mchele na mazulia ya wageni, na akaamuru lijengwe juu ya vyumba vya chini vya kale, vyenye dari za matao, ambavyo umri wake ulikuwa miaka mia tatu. Vuai akajenga kuta nene za mawe na chokaa, na madirisha membamba, na mlango wa msaji, na boriti za mkoko juu. Likapasuka, likaanguka. Akajenga tena, likaanguka tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; maskini Vuai aliziba nyufa na ukuta akajenga, mara tatu, na mara tatu akabaki na kifusi.

Sultani akamwita barazani. "Ewe mwashi," akasema, "mara tatu tumekusamehe shingo yako, na mara tatu umetuaibisha mbele ya mabalozi. Sasa binti yako atakaa kwetu. Ghala likisimama hadi Idi, ataolewa na amtakaye. Likianguka, tutampeleka zawadi kwa mfalme wa ng'ambo ya jangwa, na huko, wajua mwenyewe, hajarudi mtu."

"Ewe maulana," Vuai akasema, na kilemba chake kikagusa sakafu, "nichukue mimi."

"Wewe una faida gani?" Sultani akauliza, na wazee wa baraza wakacheka. Mungu awasamehe, mimi siwasamehe.

Mize akafungiwa chumba chenye dirisha la kimia lililotazama uani, na kutwa akawa anamwona baba yake akipanga mawe yaleyale kwa mara ya nne. Siku moja akamwita. "Baba, usinifiche. Litasimama?"

Vuai alitaka kusema ndiyo. Ulimi ukamwia mzito. "Sijui, mwanangu," akasema. "Wallahi sijui."

"Basi kula," Mize akasema. "Tangu juzi sijakuona ukila." Vuai akageuka upesi, asionekane machozi.

Kukata tamaa kukamfumbua macho: akatambua kwamba nyufa zote zilianzia chini zikapanda juu. Kosa halikuwa la ukuta. Akamwomba mlinzi ufunguo wa vyumba vya chini, na mlinzi akamwambia, "Waashi wengine waliteremka, wakatoka mbio. Utakufa huko."

"Na huku juu ninafanya nini?" Vuai akajibu, akawasha taa yake, akashuka.

Chini ya tao la kati alimkuta jini mkubwa, amepiga magoti, mabega yake yamebana mawe, na mikono inatetemeka, na kila ilipotetemeka tao lilitikisika na vumbi likadondoka. Laiti angekuwa na pa kukimbilia, Vuai angekimbia. Lakini miguu yake ilikuwa imechoka na moyo wake zaidi, akaketi sakafuni, akalia kama mtoto.

"Wewe ni mwashi?" jini akauliza.

"Nilikuwa."

"Alhamdulillahi!" jini akasema. "Naitwa Barzuki. Aliyelijenga tao hili, Sarahani, aliharakishwa na sultani wake, akang'oa viunzi vya mbao vilivyolishikilia siku ya arubaini, chokaa ingali mbichi. Akaogopa, akanifunga kwa pete ya kiapo aliyonivika, nilishike, akasema, 'Chokaa ikikauka nitakuja kukuambia.' Nikamngoja. Hakuja. Sasa mnanipandishia ghala, na nimechoka, ewe bin Adamu, nimechoka."

Ikumbukwe desturi ya waashi wa Manzili: kiunzi cha tao hakitolewi mpaka mwaka mzima upite, na siku ya kukitoa, mwashi huketi peke yake chini ya tao na kusema, "Jisimamie." Likimwangukia, hapo ndipo kaburi lake. Sarahani alikufa kwa ndui wiki ileile aliyomfunga jini, na aliyeijua siri hakuwepo mwingine.

Vuai akainuka, akakwaruza chokaa kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Akagonga mawe kwa kichwa cha nyundo, yakalia kavu. Akasogea katikati, akaketi, akamtaja Mize, na akasema, "Chokaa imekauka. Tao, jisimamie. Barzuki, tua."

Jini akaachia. Vumbi likamwagika, taa ikazimika, na Vuai akangoja kifo gizani. Tao halikusogea hata unywele.

Barzuki akanyoosha mgongo, akacheka, kisha akamwinamia Vuai. "Ewe mwashi, imekauka tangu lini?"

Vuai alijua. Mwaka mmoja ulitosha. Miaka mia mbili na tisini na tisa jini alishika kitu kisichohitaji kushikwa. "Leo," akasema. "Imekauka leo asubuhi."

"Basi sikuchelewa wala sikuwahi," jini akasema kwa fahari. "Acha nikimbie. Nilimwacha mke wangu ana mimba." Akamtupia Vuai ile pete ya kiapo, impatie kila atakachotaka, akatoweka.

Ghala likasimama, hadi Idi na baada ya Idi, na Sultani, kwa mara hiyo moja, akatimiza neno. Mize akaolewa na mfinyanzi aliyempenda, na harusi ikawa siku saba. Pete Vuai hakuivaa. Aliifukia chini ya tao, na hata siku ya harusi, watu wakila pilau, alishuka kule peke yake, akalia kwa ajili ya jini ambaye hadi leo huenda anabisha mlango wa watu waliokufa zamani.

Ukimtwika mtu mzigo, rudi umtue. Mimi wangu nimeutua hapa. Asiyetaka kuubeba, na auache.