Gia ya Mkono Si Gia ya Tumbo

Gia ya mkono si gia ya tumbo. Nimewaambia hivyo mlipotoka kwa Anyisile, nanyi mkacheka, eti Bibi Tusekile kauza chai gereji mpaka maneno yake yananuka oili. Chekeni tu. Mwenzenu kafiwa na mume, mmemuuliza hali, kasema hajambo, mkanywa soda yake mkaondoka. Haya, kaeni chini. Hapa kwetu Tukuyu methali hiyo ilianza hivi.

Ambakisye alikuwa fundi wa magari, na mdogo wake Lusekelo alinunua gari la otomatiki, la kwanza mtaani kwetu. Halikukaa, likaanza visa. Ukiweka mkono wa gia kwenye P, ile ya kuegesha, haliwaki. Ukiusogeza hadi N, gia huru, linawaka. Lusekelo akalileta kwa kaka yake.

Ambakisye akalala chini ya gari juu ya gunia.

"Tia P!"

"Nimetia, kaka."

"Huku chini haijafika."

Akatoka akamweleza. Mkono anaoushika yeye unavuta kebo, na kebo ndiyo inayopeleka habari kwenye giaboksi. Kebo imelegea na kichwa chake kimelika. "Wewe unasoma P, tumboni mwa gari hakuna P. Liache hapa nikutafutie kebo mpya."

"Kaka, kesho Jumapili. Nimemwahidi mama nitampeleka kanisani kwa gari."

Kumnyima mama safari ile kulimshinda fundi. Akafunga kebo kwa mpira wa tyubu, akampa jiwe. Nyie mnajua milima yetu. Dereva wa lori la ndizi hasimami bila kuweka jiwe nyuma ya tairi. "Popote utakaposimama, vuta handibreki na uweke jiwe," akamwambia.

Lakini Lusekelo aliona jiwe ni la malori. Mbele ya lango la kanisa, watu wamependeza, angeanzaje kuinama na jiwe? Akaliacha kwenye buti. Akatia P, akazima, akashuka kusalimia watu. Handibreki hata hakuikumbuka. Mama alikuwa bado ndani ya gari akitafuta fimbo yake, gari likaanza kurudi nyuma polepole. Tulipiga kelele, jamani! Likateremka mlima, likaingia korongoni. Tulipomfikia mama yule, alikuwa amekwishakata roho.

Msibani Lusekelo hakutoa chozi. Alipokea wageni, alibeba viti, alihakikisha kila mtu amekula. Ukimpa pole, anakujibu, "Nipo sawa." Watu wakamsifu, huyo ndiye mwanamume. Kaka yake naye hakumlaumu hata kwa neno moja, ingawa mimi nilikuwa nawasikia waliokuwa wakimchochea.

Matanga yakaisha. Gari likavutwa kwa kamba hadi gereji, limebonyea nyuma lakini injini nzima. Ambakisye akaondoa kebo mbovu, akapitisha mpya.

Asubuhi moja Lusekelo akaja, shati limepigwa pasi, anatabasamu. Akavua koti lake zuri akanipa mimi. "Dada Tusekile, vaa hili, baridi ya huku haina adabu." Akamgeukia kaka yake. "Gari baki nalo, kaka. Mimi silihitaji tena."

Ambakisye akalitazama lile koti mikononi mwangu. Akamtazama mdogo wake.

"Sawa," akasema. "Ila nisaidie kwanza. Kazi hii ni ya watu wawili."

Akaingia chini ya gari, Lusekelo akakaa kwenye usukani.

"Tia P."

"Nimetia. Imefika, kaka?"

"Imefika. Na wewe?"

"Nipo sawa, kaka."

Ambakisye akatoka uvunguni, uso umejaa vumbi na grisi, akapiga magoti penye mlango wa gari. Mkono wa mdogo wake ulikuwa bado umeshika gia, akaufunika kwa wake.

"Mdogo wangu, gia ya mkono si gia ya tumbo. Huko chini kukoje?"

Lusekelo akaitazama mikono yao. Kisha akasema: "Kaka, nilikuja kukuaga. Nilikuwa nakwenda kulekule korongoni."

Akalia. Mwe! Sijasikia mtu mzima akilia vile. Kaka yake hakumwambia anyamaze, alilia naye. Jioni nikamrudishia koti lake, nikamvalisha mwenyewe.

Msidhani alipona siku ile. Mama hakurudi, na miaka ilipita kabla hajaweza kupita mbele ya lango lile. Lakini kila asubuhi kaka yake alimuuliza hali mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa kutaka kujua. Lusekelo akaishi, akazeeka, tukamzika mwaka juzi kwa maradhi ya uzee.

Basi inukeni, mrudi kwa Anyisile. Atawaambia hajambo. Msiondoke hapo, muulizeni tena, na mkae mpaka ajibu. Gia ya mkono si gia ya tumbo.