Kamera Kubwa ya Mzee Wepukhulu

Mtumie hii kila graduate unayemjua ambaye CV yake imesafiri kuliko yeye mwenyewe.

Nafuna alikuwa na digrii ya uandishi wa habari na miaka mitatu ya kuambiwa "tutakupigia". Hatimaye mhariri mmoja akamwambia, "Makala ninazo tele. Niletee picha Jumamosi. Ikifaa, una kazi. Isipofaa, usinisumbue tena."

Kamera hakuwa nayo. Alikuwa na laptop tu, ile babake alimnunulia alipoingia chuo. Akaikumbatia mpaka Kitale, kwenye studio ya Mzee Wepukhulu, aliyepigia magazeti picha enzi za filamu.

Ndani bado kulinukia dawa ya kusafishia picha. Ukutani lilining'inia lile pazia lenye ndege ya kuchorwa. Nafuna mwenyewe aliwahi kuipanda kwa picha, Krismasi moja ya utotoni, viatu vipya vikimbana.

Kwenye kaunta kulikuwa na kamera mbili: moja kubwa, lenzi ndefu kama mkono wa mtoto; nyingine ndogo, imechubuka, imefungwa selotepu.

"Mzee, tubadilishane na laptop. Nataka hii kubwa."

"Kwa nini?"

"Si uone inavyokaa! Nikivaa hii, hata askari wa geti ataniita madam."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ifungue nyuma."

Akafungua. Buibui alikuwa amehamia humo na familia yake.

"Hiyo haijawahi kuonja filamu," Mzee akasema. "Siku zile gazeti lilinipa filamu moja, picha thelathini na sita, basi. Na kila mheshimiwa alitaka apigwe picha akikata utepe, akila, akipiga chafya. Usipompiga, ananuna. Kwa hivyo nilimwashia flashi ya hiyo kubwa, paa! Anaridhika. Halafu natoa hii ndogo, nafanya kazi."

"Kumbe nami nimedanganyika kama mheshimiwa."

"Wewe umesoma tu. Utapona." Akamsukumia kamera zote mbili. "Kubwa vaa shingoni. Ndogo iweke mfukoni, ina filamu. Na laptop rudi nayo. Maelezo ya picha ataandika nani, mimi?"

Ijumaa, mheshimiwa mmoja alizindua bomba la maji. Nafuna akamwashia flashi ya ile kubwa mpaka meno yakamkauka kwa kutabasamu. Nyuma yake bomba lilifunguliwa, likatoa upepo, na mama mmoja mwenye ndoo akainama kuchungulia ndani. Nafuna akatoa ile ndogo.

Jioni hiyo Mzee aliisafisha filamu kwa mikono yake, Nafuna akaandika maelezo kwenye laptop, na Jumamosi akampelekea mhariri.

Jumatatu, mama na ndoo yake walikuwa ukurasa wa kwanza. Mzee aliitazama picha kidogo, kisha akateremsha kidole chini yake. Miaka yake yote waliandika "Picha na mpigapicha wetu". Hapa paliandikwa: "Picha na maelezo: Nafuna Makhanu."

Akasoma mara mbili. Akachukua mkasi, akakata, akabandika kwenye dirisha la ile ndege.

Funzo: Unapoanza kazi, usichague kifaa kitakachofanya watu wakutazame; chagua kile kitakachokuwezesha wewe kuwaona.